George Eastman: Karani aliyewatua wapigapicha mzigo

KARANI mmoja wa benki, mwenye umri wa miaka 23, alinunua kamera mnamo 1877 mjini Rochester, jimbo la New York, Marekani. Alinuia kwenda likizoni Santo Domingo, katika visiwa vya Karibi, na mfanyakazi mwenzake akamshauri abebe kamera ili aweke kumbukumbu ya safari hiyo. Safari haikufanyika. Hata hivyo, kamera ile ilibadilisha maisha ya George Eastman, na hatimaye ya mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kumwona.

Eastman alizaliwa Julai 12, 1854, katika kijiji cha Waterville, New York. Babake alifariki 1862 na kuiacha familia katika dhiki. Mamake, Maria, alilazimika kupangisha wageni vyumba nyumbani mwake ili awalishe watoto wake watatu. George, kitindamimba, aliacha shule akiwa na miaka 14 na kuajiriwa tarishi katika kampuni ya bima kwa mshahara wa dola tatu kwa wiki. Mnamo 1874 alipata kazi katika benki ya akiba ya Rochester, ambako alilipwa zaidi ya dola 15 kwa wiki.

Enzi hizo, upigaji picha haukuwa mchezo. Kamera ilikuwa sanduku kubwa lililosimamishwa juu ya stendi nzito ya miguu mitatu. Aliyetaka kupiga picha nje ya studio alilazimika kubeba pia hema la kuzuia mwanga, sahani za kioo, chupa za kemikali na chombo cha maji.

Kazi yenyewe ilihitaji wepesi na subira kwa wakati mmoja. Mpigapicha aliingia hemani, akaimwagia sahani kimiminika cha kolodioni, kisha akaitumbukiza katika maji yenye nitrati ya fedha. Ilimbidi kupiga picha na kuisafisha kabla sahani haijakauka. Akichelewa dakika chache tu, jasho lake lilikwenda bure.

Kwa kuwa hakuijua kazi hiyo, Eastman alimlipa mpigapicha wa mjini dola tano ili amfunze. Masomo yake mengine aliyapata kwa uchungu. Katika mojawapo ya safari zake za mwanzo, alifunga chombo cha nitrati ya fedha katikati ya nguo zake ili kisivunjike. Kikavuja, na nguo zikaingia madoa. Alianza kujiuliza kwa nini mtu anayetaka picha moja tu abebe shehena inayomstahili punda.

Jibu alilipata 1878 katika jarida la Uingereza lililoeleza jinsi ya kutengeneza sahani kavu kwa kutumia jelatini. Sahani hizo ziliweza kuandaliwa mapema na kusafishwa baadaye. Mchana Eastman alihesabu fedha za benki. Usiku alichanganya kemikali katika jikoni ya mamake, na mara nyingine usingizi ulimchukua papo hapo sakafuni. Mnamo 1879 alisafiri hadi London kupata hataza ya mashine yake ya kupaka sahani kemikali. Mwaka wa 1881 aliungana na mfanyabiashara Henry Strong kuunda kampuni, na Septemba mwaka huo akaacha kazi ya benki.

Haukupita muda kabla ya mtihani mkubwa kumfika. Mnamo 1882, sahani zake zilianza kupoteza nguvu zikiwa madukani, na picha hazikutokea. Lawama zikamiminika. Eastman aliamua kuzirejesha zote na kuwapa wateja sahani nyingine, ingawa hatua hiyo nusura iifilisi kampuni changa. Baadaye ilibainika kuwa tatizo lilikuwa katika jelatini. Aliipoteza fedha, lakini jina lake halikuchafuka.

Ingawa sahani kavu zilimletea faida, hakuridhika, kwani kioo kilikuwa kizito na rahisi kuvunjika. Alibuni filamu ya kuzungushwa, lakini wapigapicha wa kulipwa hawakuipokea vyema. Ndipo alipowageukia watu wa kawaida. Mnamo 1888 alitoa kamera ya Kodak, jina alilolibuni mwenyewe. Iliuzwa dola 25 ikiwa na filamu ya picha 100. Mteja alibonyeza kitufe tu. Picha zilipokwisha, aliirudisha kamera kiwandani na kulipa dola 10 ili zisafishwe na filamu mpya iwekwe.

Mnamo 1900 ikaja kamera ya Brownie, iliyouzwa dola moja na kulenga hata watoto. Mpigapicha mashuhuri wa Kenya, Mohamed Amin, aliyefariki 1996, alianza safari yake utotoni kwa kamera ya Brownie iliyokuwa imetumika.

Eastman mwenyewe alifika Kenya 1926, akiwa mzee wa miaka 71. Miongoni mwa wenyeji wake walikuwa Martin na Osa Johnson, waliopiga filamu za wanyamapori na kuweka kambi kando ya Ziwa Paradise, Marsabit. Safari hii alibeba kamera ndogo ya filamu mkononi, bila hema wala chupa.

Hakuoa wala hakupata mtoto, na aligawa zaidi ya dola milioni 100 kwa vyuo, hospitali na muziki. Maradhi ya uti wa mgongo yalimnyima raha uzeeni, naye akajitoa uhai Machi 14, 1932, akiwa na miaka 77.

Kamera ya kwanza ya dijitali ya kubebeka iliundwa 1975 na mhandisi wa kampuni hiyo hiyo ya Kodak. Lakini warithi wa Eastman walichelewa kuiacha filamu iliyowatajirisha, na Januari 2012 kampuni iliomba mahakama iikinge dhidi ya wadai wake. Mwanzilishi wake alikuwa ameziacha sahani za kioo zingali zikimletea faida, kwa sababu hakuwahi kusahau uzito wake mgongoni.