Baba Aliyesahau Mengi, Lakini Si Kupenda

Louis Martin, fundi wa saa wa Alençon nchini Ufaransa, baba yake Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alizaliwa mwaka 1823. Uzeeni mishipa ya ubongo wake iliharibika, na kumbukumbu ikaanza kumpotea. Juni 1888 aliondoka nyumbani Lisieux bila kuaga, akapatikana Le Havre siku chache baadaye. Februari 1889 alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Caen, akakaa humo miaka mitatu na zaidi.

Watu walinong’ona. Naye, kila akili ilipomrudia, alitambua unyonge wake akalia. Hata hivyo aliwagawia wagonjwa wenzake vitu alivyoletewa.

Tarehe 12 Mei 1892 alipelekwa kuwaona binti zake watatu watawa wa Karmeli. Hakuweza tena kusema ila kidogo mno. Alitokwa machozi, akainua kidole kuelekea mbinguni. Wakaelewa kwamba anawaaga. Binti yake Céline alimwuguza hata alipofariki, 29 Julai 1894. Mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na mkewe Zélie.

Basi, ndugu msomaji, mzazi wako akilisahau jina lako, usimseme mbele yake kana kwamba hasikii. Akili hufifia, huzuni, aibu na upendo vingali moyoni.