LaMarcus Adna Thompson: Baba wa Reli za Mteremko

Mwanzo wa ngoma ni lele. Msomaji aliyewahi kuyaona, hata kama ni kwenye runinga tu, yale magari ya burudani yatimkayo juu ya reli zilizojipinda hewani huku abiria wakipiga mayowe, hatadhani kuwa ngoma hiyo ilianza kwa mwendo wa takriban kilomita 10 kwa saa. Aliyeianzisha lele hiyo mbele ya umma wa Marekani ni LaMarcus Adna Thompson.

Thompson alizaliwa mwaka wa 1848 katika jimbo la Ohio. Ukubwani alihamia Elkhart, jimbo la Indiana, akajitajirisha kwa kutengeneza soksi zisizo na mshono. Hata hivyo, mali si afya. Siha yake ilizorota, ikambidi kuiacha biashara hiyo, na nguvu alizobakiwa nazo akazielekeza kwenye reli ya burudani.

Wazo lenyewe halikuwa lake. Warusi walikuwa wakiteleza kwenye vilima vya barafu tangu karne ya 17. Huko Mauch Chunk, Pennsylvania, reli iliyojengwa mwaka wa 1827 ili kuteremsha makaa ya mawe ilikuja kuwavutia watu waliolipa nauli kwa raha ya kuteremka tu. Isitoshe, John Taylor mwaka wa 1872 na Richard Knudsen mwaka wa 1878 walikuwa wamekwisha kupata hataza za reli za aina hiyo.

Juni 1884, Thompson alifungua reli yake Coney Island, New York. Ilikuwa na urefu wa mita 180 hivi, na ilianzia kwenye mnara wa mita 15. Nauli ilikuwa senti 5. Abiria waliketi wakitazama ubavuni, gari likateremka kwa uzito wake lenyewe. Lilipofika mwisho, walishuka, wahudumu wakalisukuma hadi juu ya mnara wa pili, ndipo safari ya kurudi ikaanza. Watu walifurika, na gharama zote zikarudi katika muda wa wiki chache.

Wapinzani nao hawakulala. Mwaka huohuo Charles Alcoke aliunda reli ya mzunguko, naye Phillip Hinkle, mwaka wa 1885, akatumia mtambo wa mvuke kulivuta gari hadi kileleni. Thompson hakushindana nao kwa kasi. Mwaka wa 1887, mjini Atlantic City, alizindua reli iliyopita kwenye mahandaki yenye giza, ambamo michoro ya mandhari ilimulikwa ghafla kwa taa.

Thompson aliaga dunia mwaka wa 1919, akiwa na umri wa miaka 71. Je, alistahili kuitwa baba wa kitu ambacho wengine walikifikiria kabla yake? Kwa maoni yetu, alistahili. Baadhi ya waliomtangulia waliacha michoro kwenye karatasi, ilhali yeye aliijenga reli na kuwakaribisha watu waipande.