Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja na Ramani Yake

Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba makala kwa ajili ya mkutano wa mwaka huu, aliniachia hiari ya kuchagua mtu yeyote mashuhuri aliyekwisha kufariki. Najua wengi mlitegemea kwamba nitakwenda Butiama, kwani kutoka hapa Musoma si mbali. Lakini habari za Mwalimu zimekwisha kuandikwa na wenye kalamu kunishinda. Mimi nimemchagua mgeni, daktari kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt, na sababu yangu naitoa mapema.

Wale tuliokuwa kidato cha pili mwaka 1995 mtakumbuka kwamba mwenzetu mmoja wa Bunda alichelewa kurudi kutoka likizo. Mdogo wake wa miaka sita alikuwa amevimba taya. Meno yalilegea, akang'olewa mawili katika zahanati moja, akarudishwa nyumbani na dawa ya kusukutua. Uvimbe ukaendelea kukua hadi jicho likasukumwa nje, na kabla ya miezi miwili kwisha mtoto akafariki. Kijijini yalisemwa mengi, na baadhi yake yaliwagombanisha ndugu. Jina la maradhi yale nililikuta miaka kadhaa baadaye nikiwa Chuo Kikuu, katika kitabu cha jiografia: uvimbe wa Burkitt. Kulikuwa na ramani ya Afrika yenye ukanda uliotiwa rangi, na pwani za ziwa letu zilikuwa ndani yake.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali wa barabara na madaraja, lakini alipokuwa nje ya kazi alifuatilia ndege wadogo wa bustanini, akiwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya eneo la kila mmoja. Wataalamu wa viumbe na mazingira wanamhesabu miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo. Mimi naamini kwamba mtoto alirithi penseli ya baba yake, ingawa yeye alikuja kuchora maradhi.

Akiwa na umri wa miaka 11, wavulana wa shule walipigana kwa mawe na jiwe moja likampofusha jicho. (Walimu wetu wa zamu walikuwa na haki ya kutufukuza pale nyuma ya jiko.) Alipofika Chuo cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi, hakufanya vizuri, akahamia udaktari. Mwaka 1938 alifuzu upasuaji. Akaomba kazi ya udaktari katika makoloni, akakataliwa kwa sababu ya jicho. Ikabidi vita ije ndipo jeshi la Uingereza limpokee mwaka 1941 na kumleta Afrika Mashariki. Vita vilipokwisha akaajiriwa Uganda, akapelekwa Lira mwaka 1946.

Huko Lira aliona jambo ambalo daktari mwenye haraka angelipita. Wanaume wengi walikuja kupasuliwa mabusha, lakini karibu wote walitoka upande wa mashariki wa wilaya. Wa magharibi walikuwa wachache mno. Akafanya hesabu, akachora, na mwaka 1951 akachapisha matokeo yake akiyahusisha na minyoo inayoenezwa na mbu. Swali lake lilikuwa jepesi: wagonjwa wanatoka wapi, na wapi hawatoki? Hakulitupa swali hilo maisha yake yote.

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mvulana aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa na jibu. Wiki chache baadaye, katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake, uso umevimba vile vile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Akarudi Mulago akaanza kufukua madaftari ya wagonjwa na ripoti za maiti, akakuta kwamba vivimbe ambavyo madaktari waliviita kwa majina mbalimbali, huyu wa taya, yule wa figo, vilikuwa maradhi mamoja: saratani ya watoto. Akatangaza hayo mwaka 1958.

Sasa likaja swali lake la siku zote. Alichapisha karatasi zenye picha ya watoto wagonjwa, akazituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika kuuliza kama maradhi hayo yanaonekana huko. Kila jibu alilichomeka kwa pini kwenye ramani ukutani. Mimi niliyefanya kazi ofisini miaka zaidi ya 20 nikijaza fomu za kila mwezi, nakiri kwamba hapa ndipo alipouteka moyo wangu, maana ramani ile ilisimama juu ya madaftari ya makarani na wauguzi wasiotajwa popote.

Lakini barua hazikutosha. Mwezi Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru wetu, aliondoka Kampala pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, katika gari kuukuu la Ford. Kwa wiki kumi walisafiri kama kilomita 16,000, wakapita Kenya, Tanganyika na nchi za kusini hadi Afrika ya Kusini, wakiuliza swali lile lile katika hospitali zaidi ya 50. Waliyoyakuta ni haya. Karibu na ikweta, uvimbe ule haukuonekana katika nchi iliyo juu ya mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kadiri walivyoshuka kusini ndivyo mpaka ule ulivyoshuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu aliyekuwa Entebbe, alipoitazama ramani alitambua kwamba kinachopimwa hapo si kimo bali joto na mvua. Maradhi yalikuwa yanafuata makao ya mbu.

Ziwa letu liko mita 1,134 hivi. Mtu wa Musoma au Bunda anaweza kujijibia.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa wasikilizaji, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye na wenzake walitangaza kirusi walichokiona ndani yake, cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Likazuka fumbo: kirusi hicho kimeenea dunia nzima, mbona uvimbe uko kwetu? Fikra iliyopata nguvu, na Burkitt akaiunga mkono, ni kwamba malaria ya mara kwa mara hudhoofisha kinga ya mtoto na kukipa kirusi nafasi. Wanahesabu nao waliingia: mwaka 1967, Williams na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa West Nile, Uganda, walijikusanya mahali pamoja na wakati mmoja kuliko bahati inavyoweza kueleza.

Fikra hiyo ya malaria ilikuja kupimwa katika mkoa wetu. Kuanzia 1977 hadi 1982, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, likishirikiana na daktari George Brubaker wa hospitali ya Shirati, liliwagawia klorokwini watoto wa chini ya miaka 10 katika Mara ya Kaskazini, yaani Tarime na Rorya za leo. Wakubwa wetu waliotoka huko watakuwa wanakumbuka wadogo zao wakijikuna usiku kucha. Wagonjwa wa uvimbe walipungua hadi kiwango kidogo kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa, na vidonge vilipokoma wakaongezeka tena. Hata hivyo watafiti walisema kweli yao: idadi ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge, na vimelea vya malaria vilikwisha kurudi hata vidonge vikiendelea kugawiwa. Jaribio likaunga mkono ile fikra bila kuithibitisha.

Burkitt mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi Uingereza tangu 1966. Akageukia chakula, akihimiza watu wale nafaka na makapi yake kama alivyoona wanavijiji wa Afrika wakila, na jambo hilo lilimpa sifa kuliko uvimbe. Si yote aliyoyadai yaliyosimama. Alifariki tarehe 23 Machi 1993.

Nimelibakiza moja. Kampala ile haikuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo tangu mwanzo wa miaka ya 1960 Burkitt alijaribu dawa za saratani kwa vipimo vidogo. Baadhi ya watoto uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na wengine hawakuugua tena kamwe. Leo saratani hii ni miongoni mwa zile zinazopona kwa dawa, mgonjwa akiwahi, na Bugando inawatibu watoto wa ukanda wetu.

Mwaka 1995, meno yalipokuwa yanang'olewa, dawa hizo zilikuwa zimejulikana kwa miaka zaidi ya 30. Nilimwomba mwenzetu ruhusa kabla ya kuandika haya. Aliniuliza dalili ya kwanza ni ipi, nikamwambia ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati wake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niandike, na kwamba mkutanoni atakuja.