William Morris: mutoto wa feza ya shaba mwenye alitetea nyumba za zamani

Ndugu watumikaji wa migodi, na nyinyi mama na watoto wenye munasoma ukurasa huu ku nyumba, mara hii tunawaletea maisha ya Mwingereza mumoja, William Morris. Wengi wanamujua juu ya maua yenye alichora ku vitambaa na ku karatasi za kubandika ku ukuta. Sisi wa sindika tumemuchagua kwa sababu ingine. Feza yenye ilimukomalisha ilitoka ku shaba, na yeye njo alianzisha chama cha kulinda majengo ya zamani chenye kinatumika mpaka leo. Tena, pale kwetu ku kambi tuko na jambo la kuamua, na maisha yake yanaweza kutusaidia. Tutalisema ku mwisho.

Morris alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tatu 1834 ku Walthamstow, karibu na London. Baba yake alikuwa mutu wa biashara ya feza. Mwaka 1844 watu walipata shaba nyingi ku Devon, upande wa kusini-mangaribi wa Uingereza. Sosiete ya Devon Great Consols ikaanza, mali yake ikagawanywa sehemu 1.024. Baba Morris alikamata 272. Bei ikapanda sana, jamaa ikatajirika. Baba akakufa mwaka 1847. Mutoto alipofikisha miaka 21, mwaka 1855, akapewa sehemu 13, na katika mwaka ule mumoja tu zikamuletea zaidi ya paundi 700. Wale wenye walikuwa wanashuka chini ya udongo hawakuona feza ya namna ile. Ile hesabu tunaijua, hakuna mwalimu wa kutufundisha.

Hatutaki kumusafisha Morris kupita kipimo. Ule mugodi ulitoa shaba, kisha ukatoa arseniki, ile sumu. Na arseniki iliingia katika rangi ya kijani ya karatasi za ukuta za wakati ule, hata zile za kwanza za Morris mwenyewe. Tangu 1871 alikuwa mumoja wa wakubwa wa baraza la sosiete. Mwaka 1875 akatoka. Watu wanasimulia kama siku ile alikalia kofia yake ndefu ya kikubwa mpaka ikabonyea, na hakuivaa tena.

Alikuwa amesoma ku Oxford, alitaka kuwa mutumishi wa kanisa. Kisha akageuza mawazo, na mwaka 1856 akaingia katika ofisi ya arshitekte mumoja, ni kusema mutu wa kuchora mipango ya manyumba. Hakumaliza hata mwaka. Lakini pale alikutana na kijana Philip Webb, naye arshitekte, na urafiki wao ukaendelea mpaka kifo. Mwaka 1861 Morris na wenzake wakafungua kazi ya kutengeneza vyombo na mapambo ya nyumba.

Sasa tuingie katika neno lenyewe. Wakati ule feza ilikuwa mingi ku Uingereza, na makanisa ya zamani yalikuwa yanafanywa upya kila pahali. Kanisa moja la zamani lilijengwa na vizazi vingi: babu alisimamisha ukuta, mujukuu akafungua dirisha, mwengine nyuma yake akaongeza munara. Ma-arshitekte wakubwa wakachagua wakati mumoja tu, wakasema ule njo ulikuwa muzuri, wakavunja kazi ya wale wengine. Wakakwangua chokaa ya ku kuta, wakatia mawe mapya yenye kuigiza ya zamani. Mutu akiingia, hajui tena ni nini kilifanywa na mababu na ni nini kilifanywa jana.

Mwaka 1876 Morris aliona kazi ya namna ile ku kanisa la Burford, ikamuchoma roho. Mwaka 1877, mwezi wa tatu, akasikia kama kanisa kubwa la Tewkesbury nalo linaingia katika mikono ya George Gilbert Scott, arshitekte mwenye sifa sana. Akaandikia gazeti. Mwezi haukuisha, yeye, Webb na wengine wakaanzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Zamani.

Mafundisho yao yalikuwa mepesi kuelewa. Kutunza kila siku kunapita kufanya upya siku moja. Manjanja au vigae vikivuja, ziba sasa, usingoje ukuta unywe maji. Ukuta ukiinama, uutegemeze. Na pale unatia kipande kipya, kionekane kama ni kipya, usidanganye watoto wenye watakuja. Juu ya yote, jengo haliko la sisi tu. Lilikuwa la wale walilijenga, tena litakuwa la wale watakuja nyuma yetu.

Haikuwa maneno tu. Ku kijiji cha East Knoyle, munara wa kanisa ulipasuka, ukawa karibu kuanguka. Mutu wa kazi ya haraka angeubomoa ajenge mwengine. Webb hakukubali. Katika miaka ya kwanza ya 1890 alifanya ukuta utengenezwe toka ndani, kipande kidogo kwa kipande kidogo: wanatoa mawe yenye kulegea, wanajenga mapya yenye nguvu, wanaendelea na pembeni. Sisi wa migodi tunaelewa ile kazi. Ni sawa kubadilisha miti yenye kushikilia dari chini ya udongo: hautoi yote kwa mara moja. Munara unasimama mpaka leo.

Kuna pahali tunaona Morris alikuwa mugumu sana. Katika tangazo la chama walisema kama jengo la zamani halifai tena kwa kazi ya leo, ni heri kujenga lingine kuliko kuligeuza. Lakini yeye mwenyewe, mwaka 1881, alipotafuta pahali pakubwa pa kazi yake, hakujenga izine mupya. Alikodi majengo ya zamani ya kupiga rangi vitambaa ku Merton Abbey, kando ya muto Wandle, akayatengeneza, akatia ndani vyombo vya kufuma na mapipa ya rangi. Pale matendo yake yanatufundisha kupita tangazo lake.

Kutazama manyumba kulimufikisha kutazama watu. Alijiuliza ni nani alichonga yale mawe, na juu ya nini mutumikaji wa wakati wake hapati furaha katika kazi. Mwaka 1883 akaingia katika chama cha wasosialisti, akahubiri ku barabara na ku viwanja. Mwezi wa ine 1887 alisafiri mpaka Northumberland kusema mbele ya wachimbaji wa makaa ya mawe wenye walikuwa ku greve. Mutoto wa feza ya mugodi akasimama upande wa watu wa mugodi.

Alikufa tarehe 3 mwezi wa kumi 1896 ku London, na miaka 62. Jeneza lake lilipelekwa ku kaburi, kijiji cha Kelmscott, juu ya gari la mashamba, katika mvua.

Na sisi? Ile sale ya mikutano pale ku kambi munaijua. Wazazi wetu walicheza na kuoa mule ndani, tena greve zetu zilipangwa mule. Leo manjanja inavuja, ukuta wa nyuma umepasuka. Kuna mutu anataka tuibomoe, atujengee vyumba vya biashara, na wenzetu wengine wamekubali. Tuseme kweli: kosa la kwanza ni letu. Tulikusanya michango miaka mingi, lakini hatukumutuma hata mutu mumoja kupanda juu ya nyumba. Tofali zile zilikwisha kuchomwa zamani. Tukizivunja, tutachimba vichuguu vingine na kukata miti ingine ya kuchoma mapya, na pori letu limekwisha kuwa makala.

Ku mukutano wa mwisho wa mwezi, tutaomba fundi mwenye kujua apime ukuta mbele ya mutu yeyote kuweka sahihi. Mbele ya pale, mwenye ngazi ailete. Mvua haiko mbali, na kuziba matundu hakuombi ruhusa ya mukubwa.