Fröbel: Mwasisi wa chekechea aliyekufa kazi yake ikiwa imepigwa marufuku

KILA asubuhi, katika shule za chekechea, watoto wadogo huimba huku wakipiga makofi, hukunja karatasi, hufinyanga udongo na kupanga vipande vya mbao. Wapo wazazi wanaoyaona hayo kuwa michezo ya kupitisha muda tu, wakisubiri mtoto aanze masomo ya kweli.

Aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba michezo hiyo ndiyo masomo yenyewe ni Friedrich Fröbel, mwalimu wa Kijerumani.

Fröbel alizaliwa Aprili 21, 1782, katika kijiji cha Oberweißbach, eneo la Thuringia, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki dunia kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Baba alioa tena, lakini mama wa kambo alipompata mwanawe, alimpa kisogo mtoto aliyemkuta. Alipofikisha miaka 10, mjomba wake alimchukua akamlea.

Ujana wake haukuwa na utulivu. Alijifunza kazi ya misitu, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Jena, ambako alifungwa wiki tisa kwa sababu ya deni. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kutafuta taaluma ya usanifu wa majengo, badala yake akapewa darasa la kufundisha. Huko ndiko alikoutambua wito wake.

Kati ya 1808 na 1810 aliishi Yverdon, Uswisi, akijifunza kwa mwalimu mashuhuri Johann Heinrich Pestalozzi. Baadaye alisomea elimu ya madini, na mwaka 1813 akajitolea kupigana vita dhidi ya Napoleon. Mwaka 1816 alifungua shule kijijini Griesheim, wanafunzi wake wa kwanza wakiwa watoto watano wa kaka zake. Mwaka uliofuata aliihamishia Keilhau.

Kadiri miaka ilivyopita, Fröbel alizidi kuamini kuwa shule humpata mtoto akiwa amechelewa. Mwaka 1837, akiwa na umri wa miaka 55, alianzisha katika mji wa Blankenburg taasisi ya kuwahudumia watoto wadogo. Mwaka 1840 aliipa jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto.

Humo aliandaa vifaa alivyoviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya rangi mbalimbali. Ya pili ilikuwa tufe, silinda na mchemraba, vyote vya mbao. Ya tatu ilikuwa mchemraba unaogawanyika kuwa minane midogo, ili mtoto abomoe, ajenge na kuhesabu bila kujua kuwa anahesabu. Aidha, watoto walisuka vipande vya karatasi, walishona, walifinyanga na kulima vibustani vyao.

Mwaka 1844 alichapisha kitabu cha nyimbo za mama na mtoto, kila wimbo ukiwa na picha na mchezo wa vidole. Katika mmoja, mkono wa mtoto hugeuka kama jogoo wa bati anayeonyesha uelekeo wa upepo. Katika mwingine, viganja hukunjwa vikawa kiota cha ndege. Wimbo wa mwokaji humfundisha mtoto kupiga makofi kana kwamba anakanda unga, na humwonyesha kuwa mkate hupitia mikono ya watu wengi kabla ya kufika mezani.

Hivyo, mtu ambaye hakubahatika kuimbiwa na mama yake ndiye aliyewaandalia akina mama wengine nyimbo za kuwaimbia watoto wao.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikutana na dhoruba. Agosti 1851, serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo kwa madai kuwa zinaeneza ujamaa na kumkana Mungu. Fröbel alikuwa mcha Mungu, na inaaminika kuwa wakuu hao walimchanganya na Karl Fröbel, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa na msimamo mkali wa kisiasa. Alijitetea, lakini hakusikilizwa.

Alifariki dunia Juni 21, 1852, huko Marienthal, akiwa na umri wa miaka 70, marufuku ikiwa bado inaendelea. Iliondolewa mwaka 1860.

Kazi yake iliokolewa na wanawake, ambao yeye alisisitiza wafunzwe ualimu wa watoto wadogo. Bertha von Marenholtz-Bülow aliieneza katika nchi za Ulaya, na Margarethe Schurz alifungua chekechea ya kwanza Marekani mwaka 1856, katika mji wa Watertown, Wisconsin, ikifundisha kwa Kijerumani.

Juu ya kaburi lake, mjini Schweina, umesimama mnara wa jiwe wenye mchemraba, silinda na tufe, vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama mtoto apangavyo vifaa vyake vya kuchezea.