Dk. Livingstone na hisani ya Bin Gharib

Wengi tunamjua Dk. David Livingstone kama mmisionari na mpelelezi. Wachache wanakumbuka kuwa alikuwa tabibu aliyefuzu Glasgow mwaka 1840, na kwamba mtihani wake ulirefuka kwa kubishana na watahini juu ya stethoskopu, chombo cha kusikilizia kifua alichokibuni Mfaransa Laënnec mwaka 1816.

Januari 1869, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kifua kikamwangusha yeye mwenyewe. Maradhi aliyatambua: nimonia ya pafu la kulia, kikohozi usiku na mchana, makohozi yenye damu na rangi ya kutu. Lakini elimu bila dawa ingemfaa nini? Sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa tangu 1867.

Aliyemwokoa ni Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara Mwislamu. Aliamuru abebwe juu ya kitanda, akavushwa ziwa, akafika Ujiji Machi 14. Huko akakuta mali zake zimeporwa, na dawa alizoletewa zimeachwa Unyanyembe, yaani Tabora, mwendo wa siku 13.

Tusifiche: Bin Gharib aliuza pembe na watumwa pia, biashara ambayo mgonjwa wake aliipiga vita. Hata hivyo wanaosimulia uadui peke yake hukiruka kitanda kile.

Tabora yenyewe Livingstone aliifikia Februari 1872 akiwa na Stanley, akakaa Kwihara hadi Agosti 25 akisubiri wapagazi.