Anne Sullivan, Mwalimu wa Helen Keller

Wengi wetu tumesikia habari za Helen Keller, Mmarekani asiyeona wala kusikia, aliyehitimu chuo kikuu mwaka 1904. Mwalimu wake hatajwi sana. Mwezi huu tunaeleza maisha yake.

Anne Sullivan alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 huko Massachusetts, Marekani. Wazazi wake walikuwa maskini waliohamia kutoka Ireland. Alipokuwa na miaka mitano hivi alishikwa na ugonjwa wa vikope, ambao hapa Tanzania pia umepofusha wengi. Mama yake alifariki, na baba akawaacha watoto. Mwaka 1876 Anne na mdogo wake Jimmie walipelekwa katika nyumba ya maskini ya Tewksbury. Jimmie alifia humo baada ya miezi michache. Siku moja wakaguzi walipofika, Anne aliwalilia wampeleke shule.

Mwaka 1880 aliingia shule ya vipofu ya Perkins, mjini Boston, akiwa na miaka 14, hajui kusoma wala kuandika. Alipasuliwa macho akaona kiasi, na mwaka 1886 alihitimu vizuri sana.

Pale Perkins aliishi Laura Bridgman, mama asiyeona wala kusikia, aliyefundishwa na Dk. Samuel Howe tangu mwaka 1837. Ili azungumze naye, Anne alijifunza kuandika herufi kwa vidole kiganjani. Jamaa ya Keller walipoomba mwalimu, Anne hakuondoka mara moja. Kwa miezi kadhaa alisoma taarifa za Dk. Howe juu ya mafundisho ya Laura. Taarifa hizo ndizo zilizokuwa chuo chake cha ualimu.

Alifika Alabama tarehe 3 Machi 1887. Helen alikuwa na miaka 6, mwenye hasira, amezoea kupewa kila atakacho kwa sababu wazazi walimwonea huruma. Anne aliomba wakae wawili tu katika nyumba ndogo ya jirani kwa majuma mawili, mpaka mtoto akatulia na kutii. Kutwa alimwandikia maneno kiganjani, ingawa Helen hakuyaelewa. Tarehe 5 Aprili, maji ya bomba yakimwagikia mkono mmoja, Anne aliandika neno maji katika mkono wa pili. Hapo Helen akatambua kwamba kila kitu kina jina.

Anne alikuwa naye hata katika masomo ya chuo kikuu. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936, akiwa amepofuka. Majivu yake yamewekwa katika Kanisa Kuu la Kianglikana la Washington, na ya Helen yaliwekwa papo hapo mwaka 1968.

Huruma ya wazazi haikumfundisha Helen hata neno moja. Alihitaji mwalimu aliyefundishwa. Kwetu, Kanisa Anglikana lilianzisha shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Chuo cha Patandi, Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Kutoka Namtumbo ni mbali, lakini kijana wetu anayependa ualimu aifikirie safari hiyo. Na mzazi mwenye mtoto wa namna hii asimfiche nyumbani, ampeleke akaandikishwe.